Kutoka Amri ya Pamba hadi Nyundo ya Kijiji: Historia ya Sheria Ndogo Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Sheria ndogo ni kanuni ambayo halmashauri ya wilaya, manispaa au kijiji hujitungia kwa ajili ya eneo lake, kwa mamlaka iliyokasimiwa na sheria iliyopitishwa na Bunge, ambayo wanasheria huiita sheria mama. Ingawa huitwa ndogo, ndiyo sheria ambayo mkazi wa pwani ya Kilwa na Lindi hukutana nayo mara nyingi kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa ndiyo inayoamua ushuru wa gunia la ufuta linapofika getini, usafi wa soko la samaki, mahali pa kuchungia mifugo na mti unaoruhusiwa kukatwa msituni. Historia yake inastahili kusimuliwa kwa uangalifu, maana katika muda wa karne moja wilaya ya Kilwa imeshuhudia amri ya utawala iliyowasha vita na sheria ndogo iliyohifadhi msitu, na tofauti kati ya hizo mbili inaanzia kwenye swali la nani aliulizwa kabla kanuni haijaandikwa.

Kuendesha mji kwa kanuni si jambo ambalo watu wa pwani hii walifundishwa na wakoloni. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, ilikuwa na sultani wake, sarafu zake za shaba, na ushuru uliotozwa bidhaa zilizopita bandarini katika biashara ya dhahabu ya Sofala. Wareno waliuvamia mji huo mwaka 1505, na kufikia karne ya 19 shughuli kubwa zilikuwa zimehamia Kilwa Kivinje, bandari ya misafara iliyosimamiwa na liwali, yaani mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar katika mji. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kushika forodha za pwani kwa mkataba ilioufunga na Sultani, bila wenyeji kushirikishwa, na mwezi Septemba uliofuata watu waliinuka na maofisa wawili wa kampuni hiyo wakauawa Kilwa.

Serikali ya Ujerumani ilipochukua nafasi ya kampuni, iliweka ngazi ya utawala ambayo wazee wa pwani waliikumbuka kwa majina yake: juu alikaa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya mwenye boma lake, chini yake akawekwa akida, aliyesimamia vijiji kadhaa na ambaye mara nyingi hakuwa mzaliwa wa eneo hilo, na chini ya akida alikuwako jumbe, kiongozi wa kijiji aliyepokea amri na kuhakikisha zinatekelezwa. Amri zilishuka ngazi hiyo, lakini malalamiko hayakuwa na njia ya kupanda. Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ambapo kila jumbe katika maeneo yaliyohusika alitakiwa kufungua shamba na watu wake walazimike kulilima kwa siku zilizopangwa, huku mapato yakigawanywa kwa namna iliyomwachia mkulima ujira mdogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuupokea.

Ubaya wa amri hiyo unaonekana vizuri zaidi ukitazamwa katika kalenda ya mkulima wa Milima ya Matumbi, kaskazini-magharibi ya Kivinje. Siku za kupalilia na kuvuna pamba ziliingia katika siku zilezile ambazo shamba lake la chakula lilimhitaji, na aliyechelewa alichapwa kiboko na askari wa akida. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, kitendo kilichokuwa tangazo la vita, wakamfukuza akida wa Kibata na kuelekea pwani hadi Samanga. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye dawa yake ya maji iliwaunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa Mohoro, lakini Vita vya Majimaji viliendelea kusambaa kusini. Makadirio ya waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata yanaanzia watu 75,000, na wapo wanahistoria wanaofikisha hadi 300,000.

Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi, zikiwemo kodi, shokoa, yaani kazi za kulazimishwa, na heshima iliyovunjwa, lakini ni muhimu kukumbuka kwamba kitu cha kwanza kushambuliwa kilikuwa zao lililopandwa kwa amri. Waingereza walipoirithi Tanganyika walijaribu njia nyingine, na kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, iliyopitishwa wakati wa Gavana Donald Cameron, viongozi wa jadi na wale walioteuliwa waliruhusiwa kutoa amri za mahali kuhusu upikaji pombe, ukataji miti, uchafuzi wa maji na kuzuia magonjwa ya kuambukiza. Mpango huo ulisogeza utungaji wa kanuni karibu na kijiji, ila uliacha kasoro mbili: mkuu wa wilaya aliweza kuagiza amri itolewe au ifutwe, na kiongozi aliyetoa amri mara nyingi ndiye aliyekaa barazani kumhukumu aliyeivunja.

Baada ya uhuru, utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zenye madiwani, yaani wawakilishi wanaochaguliwa na wananchi wa kila kata, zikashika nafasi yao, lakini hazikudumu. Mwaka 1972, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri hizo zilivunjwa na maamuzi yakahamia kwa maofisa wa serikali kuu waliopangwa mikoani na wilayani. Muongo mmoja baadaye Bunge lilizirejesha kwa sheria tatu za mwaka 1982: Sheria Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji na Namba 9 ya fedha za serikali za mitaa, nazo halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Sheria hizo, pamoja na marekebisho yake, ndizo msingi wa kila sheria ndogo inayotumika leo Kilwa Masoko, Lindi au Liwale.

Utaratibu wa sasa una hatua ambazo kila raia anapaswa kuzijua. Halmashauri ya wilaya huandaa rasimu, huitangaza ili wananchi watoe maoni na pingamizi, kisha huipeleka katika mkutano wa Baraza la Madiwani. Ikipitishwa hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, na akiridhia huchapishwa katika Gazeti la Serikali kwa namba yake. Anayefungua nakala ya sheria ndogo atakuta kwanza jina na tarehe ya kuanza kutumika, halafu eneo la matumizi, tafsiri ya maneno, wajibu, makosa na adhabu, na mara nyingi jedwali la viwango vya ushuru. Ukurasa wa mwisho ndio wa kutazamwa zaidi, kwa sababu hapo hutajwa tarehe ya mkutano uliopitisha azimio, hubandikwa lakiri ya halmashauri, husaini mkurugenzi mtendaji na mwenyekiti, na chini yao kusomeka neno moja, "Nakubali", juu ya jina la waziri. Baada ya hapo Bunge nalo, kupitia Kamati ya Sheria Ndogo, huchunguza kama kanuni hizo zimevuka mipaka ya sheria mama, maana sheria ndogo inayopingana na sheria mama ni batili.

Utekelezaji uko mikononi mwa mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, wakusanya ushuru na mgambo, na sheria ndogo nyingi humpa mkurugenzi uwezo wa kufifilisha kosa, yaani kumaliza shauri kwa faini ikiwa mkosaji amekiri kwa maandishi. Asipokiri, shauri huenda mahakamani. Migogoro mingi huzaliwa katika hatua hii, pale mzigo unapozuiwa barabarani au faini inapotozwa bila stakabadhi, ingawa kiwango cha ushuru wa mazao chenyewe kimewekewa kikomo na sheria mama, kikomo ambacho mwaka 2017 kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima anayekijua kikomo hicho huweza kujitetea kwa hoja mbele ya kizuizi.

Kijiji nacho kina uwezo wake, na hapa ndipo Kilwa ilipotoa mfano uliovuka mipaka ya nchi. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huandaa mapendekezo na kuyaleta mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kisha sheria ndogo huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa kutumia njia hiyo na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vijiji kama Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na mradi wa uhifadhi wa mpingo, vilitenga misitu ya hifadhi ya kijiji na kujiwekea kanuni za uvunaji, na mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, ikiwa ya kwanza barani Afrika miongoni mwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanajamii. Gogo linalotoka kihalali hugongwa nyundo yenye alama, na kisiki chake hugongwa vilevile, ili kamati ya maliasili ya kijiji iweze kulinganisha kilichokatwa na kilichoruhusiwa. Mpingo unaovunwa hutumika kutengeneza zumari na ala nyingine za muziki zinazouzwa ng'ambo, na malipo ya mti huingia katika mfuko wa kijiji, ambao matumizi yake husomwa mbele ya mkutano uleule uliopitisha kanuni.

Nandete na Kikole zimo katika wilaya moja, na katika kila kimoja kati ya vijiji hivyo kuliwekwa masharti kuhusu mmea wa kuuza ng'ambo. Nandete mmea uling'olewa. Kikole unalindwa na wanakijiji wenyewe, ambao hutoka kwenda doria msituni kwa sababu wanajua kanuni ilivyopatikana na fedha zinakokwenda. Somo hilo halijaisha kazi, kwani katika pwani yote bado kuna rasimu zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo zisizosomwa, na maoni yanayoombwa wakati wananchi wako shambani au baharini. Diwani anayetaka sheria ndogo itiiwe na aipeleke rasimu kijijini kabla ya lakiri kubandikwa, aisome kwa sauti kipengele kwa kipengele pamoja na jedwali la adhabu, na ayaandike majibu ya watu katika muhtasari. Na mwananchi naye, siku mkutano mkuu unapoitishwa, afike akaseme, kwa kuwa watu wa Matumbi wa mwaka 1905 hawakuitiwa mkutano wa aina hiyo.