Bangi na ukaguzi wa wanaoingia vyombo vya usalama: Beni na Butembo

Ukaguzi wa wanaoingia vyombo vya usalama ni uchunguzi wa mwenendo wa mtu kabla ya kupewa silaha, siri au madaraka ya dola. Bangi ni marufuku katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hivyo matumizi yake huweza kumfungia kijana wa Beni au Butembo mlango wa jeshi (FARDC) na polisi (PNC).

Sheria. Sheria namba 13/005 ya 15 Januari 2013, inayohusu askari wa FARDC, na namba 13/013 ya 1 Juni 2013, inayohusu polisi, zinadai mwombaji awe raia wa Kongo, mwenye afya na mwenendo mwema. Cheti cha mwenendo hutolewa na mamlaka ya mahali anapoishi. Baada ya utawala wa kijeshi, yaani état de siège, kuanza Kivu Kaskazini, iliko miji ya Beni na Butembo, na Ituri tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi.

Waliotoka porini. Watoto waliotumikishwa na makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo wamesimulia kupewa bangi kabla ya mapigano. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza mtoto jeshini au katika makundi hayo, na Kanuni za Paris za 2007 zinataka atazamwe kwanza kama mhanga.

Ulinganisho. Nchini Marekani, fomu SF-86, inayojazwa na anayeomba kibali cha usalama, huuliza kuhusu dawa za kulevya kwa miaka 7 iliyopita. Mwongozo wa kuamua kibali hicho, SEAD 4, uliotumika kuanzia 8 Juni 2017, huangalia matumizi yalitokea lini, mara ngapi, na kama mhusika ameacha. Waraka wa Desemba 2021 ulieleza kwamba bangi ya zamani pekee haiamui matokeo, lakini anayeendelea kuvuta hapewi kibali, hata kama jimbo lake linairuhusu. Kudanganya katika fomu ni kosa la jinai.

Tathmini. Kijana aliyevutishwa bangi kwa kulazimishwa utotoni hastahili kuhesabiwa sawa na mtu mzima aliyeichagua. Mkaguzi wa haki hupima umri, shuruti na muda uliopita, kisha ndipo anapoamua.