Shanga Ndani ya Tairi: Ubishi Ulioanza 1869

Kuna wazee Marekani wamestaafu na wanaishi ndani ya basi. Kitanda, jiko, choo, kila kitu kiko mle. Wanaliita motahomu. Na kuna jambo moja hawa wazee hawaelewani kabisa: je, ni sawa kumwaga shanga ndani ya tairi?

Si shanga za shingoni. Ni vipunje vya kioo au kauri, saizi ya mbegu za wimbi. Fundi anamimina gramu mia kadhaa kwa kila tairi, anajaza upepo, imeisha hiyo. Hapigi vile vipande vya risasi kwenye rimu. Vipunje viko huru, na wanaovipenda wanasema gari likishika kasi vinajipanga vyenyewe upande ulio mwepesi, gurudumu linatulia.

Najua unawaza nini. Kitu kisicho sawa kikizungushwa, upande mzito ndio unarushwa nje, kwa hivyo shanga zitakimbilia hukohuko na kuharibu zaidi. Hayo ni mawazo ya maana sana, na yamewahi kushikwa na mtu mkubwa. William Rankine, profesa wa Glasgow, aliandika 1869 kuhusu shafti zinazozunguka. Alisema kuna kasi ambayo ukiikaribia mtetemo unazidi, na ukijaribu kuipita shafti inaendelea kupinda tu. Upande wa pili wa hiyo kasi hakuna maisha. Watu wakaamini, kwa sababu ni Rankine amesema.

Halafu akaja Msweden, Gustaf de Laval, yule wa mashine za kutenganisha krimu na maziwa. Miaka ya 1880 alitengeneza tabo ya mvuke iliyozunguka hadi mara 30,000 kwa dakika. Badala ya kuweka shafti nene ivumilie, aliweka nyembamba inayopinda. Ilitetemeka ikipita ile kasi ya hatari, kisha ikatulia tuli. Na kabla uniandikie kwa comments ati unaona, masomo ni bure: de Laval alikuwa na udaktari wa Uppsala. Tofauti ni kwamba yeye aliwasha mashine akaiangalia.

August Föppl alieleza jambo hili Ujerumani mwaka wa 1895, na 1919 Henry Jeffcott akalieleza kwa Kiingereza, hapo ndipo wengi wakaelewa. Iko hivi. Chini ya kasi ya hatari, upande mzito unaenda nje kama unavyodhani. Ukishaivuka, mwili unachelewa kuitikia kwa nusu mzunguko mzima. Unaacha kuzunguka kwenye katikati ya umbo lake na unaanza kuzunguka kwenye kitovu cha uzito wake. Sasa upande ulio mbali zaidi na kitovu hicho ni upi? Ule mwepesi! Chochote kilicho huru hukimbilia mbali, kwa hivyo kinaenda pale panapohitaji uzito. Haina uchawi.

Wahandisi wakaitumia. 1950, Mmarekani E. L. Thearle alilinganisha njia mbalimbali za vyombo kujisawazisha, akaona goroli zilizo huru ndizo bora kwa sababu hazikwami. Baadaye goroli kama hizo ziliingia kwenye mashine za kusoma CD. Washing machine nyingi za kufungulia juu nazo zina pete yenye maji ya chumvi kwa kazi hiyohiyo.

Sababu nyingine ya kutaka shanga ni risasi yenyewe. Vile vipande hung'oka, vinasagwa barabarani, na risasi ni sumu. Ulaya ilivikataza kwenye magari madogo 2005. Sisi hatuhitaji kuelezwa: Owino Uhuru, Mombasa, watoto waliumwa kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Ingawa hapa niwe mkweli, siku hizi kuna vipande vya chuma na zinki, kwa hivyo shanga si njia pekee ya kuepuka risasi.

Sasa turudi kwa wale wazee. Ujanja wote unategemea kuvuka kasi ya hatari. Tabo ya de Laval ilikuwa inazunguka mara 500 kwa sekunde, iliivuka mbali sana. Tairi la basi lenye kipenyo cha mita 1 hivi, kwenye kilomita 100 kwa saa, linazunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Na magurudumu ya magari mengi hurukaruka kwenye springi zake mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Hiyo ni hesabu ya juu juu, shoki na mpira huongeza mambo yao, lakini mimi naona anayesema "fizikia imethibitisha" ameruka swali lenyewe. Fizikia imethibitisha ya upande wa pili. Basi lake bado liko upande huu. Na rimu iliyopinda haitanyooshwa na shanga, wala hazitembei zikishikana kwa unyevu.

Matatu zetu nazo zimefungiwa kwa 80. Tairi yake inatembea kama mita 2 kwa mzunguko, yaani mara 11 kwa sekunde, ndani ya ile 10 hadi 15. Ukikaa mbele na dere, angalia usukani akifika hapo.