Nani Abebe Hasara ya Kwanza? Habari za Fidia ya Mtu Aumiaye Kazini

Wasikilizaji wetu, mtu akivunjika mguu katika kazi ya mtu mwingine, hasara huanza siku ile ile. Mganga hangoji, mwenye duka la unga hangoji, na watoto nyumbani hawana habari ya sheria. Baadaye huenda baraza likaamua nani alipe. Lakini siku zile za kwanza, kabla neno halijakatwa, hapana budi pawe na mtu aubebaye mzigo. Leo twataka kueleza jinsi mzigo huo wa kwanza ulivyohama kutoka bega moja hata jingine, kwa muda wa karibu miaka mia mbili.

Tuanze Uingereza. Mwaka 1835 palikuwa na kijana jina lake Charles Priestley, mtumishi wa mwuza nyama aitwaye Thomas Fowler. Siku moja aliamriwa kufuatana na gari la bwana wake kupeleka bidhaa. Gari lilikuwa limepakiwa kupita kiasi, likavunjika njiani, na kijana akaanguka akavunjika paja. Akamshitaki bwana wake. Watu walioketi kuisikiliza kesi huko Lincoln mwaka 1836 walimwona kuwa ana haki, wakataka apewe pauni 100. Walakini neno lilifika mbele ya majaji wakubwa, na mwaka 1837 mkuu wao, Lord Abinger, aliiondoa hukumu ile. Alisema kwamba mtumishi aliweza kuijua hali ya gari kama bwana wake, au zaidi. Naye hakulazimishwa kupanda. Tena alisema kwamba mlango huu ukifunguliwa, bwana atadaiwa hata pale mtumishi mmoja amtandikiapo mwenziwe kitanda chenye unyevu.

Sisi twaistaajabia hoja hiyo. Kijana wa kazi, ambaye chakula chake kimo mkononi mwa bwana wake, atakataaje amri mbele ya gari lililokwisha kupakiwa? Lakini hoja ilishika, na mabaraza yakaifuata kwa miaka mingi. Siku zile viwanda, machimbo na njia za reli zilikuwa zikiongezeka, na kila aliyeumia aliweza kujibiwa kwa mojawapo ya maneno matatu: kosa ni la mfanya kazi mwenzio, au, hatari uliijua na ukaikubali, au, wewe mwenyewe hukuangalia. Mzigo wote, tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, ukawa wa aliyeumia na jamaa zake. Sheria ya mwaka 1880 ililegeza kidogo, lakini bado ilimpasa mtu athibitishe kosa la upande wa mwajiri, na kuthibitisha kwahitaji mashahidi na fedha.

Njia mpya ilitoka Ujerumani. Sheria ya mwaka 1884, katika siku za Bismarck, haikuuliza tena nani aliyekosa. Waajiri wa kila namna ya kazi walifungwa pamoja katika vyama, wakachanga fedha, na mtu aliyeumia hata asiweze kazi kabisa akapata theluthi mbili za mshahara wake. Hapa lakini pana jambo la kutazamwa vema. Fedha za vyama vile hazikuanza kutoka mpaka yapite majuma 13. Katika majuma hayo aliyeumia alitunzwa na mfuko wa wagonjwa, na katika mfuko huo wafanya kazi walitoa mafungu mawili kwa kila fungu moja la mwajiri. Kwa hiyo ajali nyingi ndogo, zile za kidole na za kifundo cha mguu, zililipwa zaidi kwa fedha za wafanya kazi wenyewe.

Waingereza walifuata mwaka 1897, na mtu aliyeisukuma sana sheria yao ni Joseph Chamberlain. Katika kazi za hatari, kama reli, viwanda na machimbo, mwajiri alipaswa kulipa hata kama hakukosa: nusu ya mshahara, isipite pauni 1 kwa juma. Lakini hawa nao waliacha majuma mawili ya kwanza bila malipo. Mwaka 1906 sheria ikaenea karibu kazi zote, na majuma yale mawili yakapunguzwa yakawa moja. Kwa mfano wa sheria hizo za Kiingereza ndipo zilipotungwa baadaye sheria za kwetu, kama ile ya Tanganyika ya mwaka 1948.

Sasa mwajiri mdogo, mwenye mafundi watano, atapata wapi fedha za kulipa kifo kimoja? Ndiyo maana waajiri wakakimbilia bima. Mwajiri hulipa ada kila mwaka, na ajali ikitokea kampuni ya bima hulipa. Jambo hilo lilileta salama. Hata hivyo lilileta na usingizi. Mwenye kiwanda aliyekwisha kulipa ada yake aliweza kuuona msumeno usio na kinga akapita, kwa kuwa kidole kitakachokatwa kitalipwa na mwingine.

Dawa iliyotafutwa kwa usingizi huo yaonekana vizuri zaidi Marekani. Huko sheria za fidia zilikuja kwa shida. Tarehe 24 Machi 1911 baraza kuu la New York liliitangua sheria ya jimbo lile, likisema kwamba si haki kumtoza mwajiri asiye na kosa. Siku ya pili yake moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle katika mji ule ule, na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana. Watu wa New York wakabadili katiba yao mwaka 1913, na mwaka 1914 sheria mpya ikaanza. Jimbo la mwisho, Mississippi, lilikubali mwaka 1948.

Basi katika miaka ya 1980 na 1990 ada za bima hii zilipanda sana huko, na majimbo mengi yakaruhusu mapatano ya namna hii: mwajiri akubali kubeba mwenyewe sehemu ya kwanza ya kila hasara, naye apunguziwe ada. Sehemu hiyo tutaiita fungu la mwajiri. Tuseme fungu ni dola 5,000, na ajali yagharimu dola 30,000. Mwajiri atatoa 5,000, na kampuni itabeba 25,000 zilizobaki. Ajali ikiwa ya dola 3,000, yote ni ya mwajiri. Kwa makampuni makubwa fungu laweza kufika dola 100,000 na zaidi kwa ajali moja.

Msikilizaji atauliza, je, mwajiri akikawia kulitoa fungu lake, aliyeumia atangoja? Hapo ndipo penye busara ya mapatano yale. Kwa kawaida kampuni ya bima humlipa aliyeumia fedha zote tangu dola ya kwanza, kisha humwendea mwajiri kudai fungu lake. Deni ni baina ya wawili hao. Ndiyo maana kampuni hutaka dhamana ya benki kwa waajiri wenye mafungu makubwa. Na sheria za majimbo kadhaa zakataza mwajiri kulikata fungu hilo katika mishahara ya watu wake.

Twakiri kwamba dawa hii ina uchungu wake. Mwajiri ambaye kila kidonda chatoka mfukoni mwake ataweka kinga kwenye msumeno. Lakini mwingine ataona ni rahisi zaidi kumnong'oneza aliyeumia asiandikishe ajali, aseme ameanguka nyumbani. Kwa hiyo sheria zataka ajali zitolewe habari, na asiyetoa hutozwa faini.

Tanzania ilishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 2008 iliunda mfuko mmoja wa fidia, na waajiri huuchangia kwa kadiri ya mishahara wanayolipa. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, iliendelea kumtaka mwajiri akate bima kwa kampuni, na malipo ya muda ni kwa mtu aliyeshindwa kazi siku tatu au zaidi. Aliyepona siku ya pili hamo katika hesabu hiyo.