Ujuzi Huvuka Ziwa, Cheti Hubaki Bandarini

Tulirudi Rumonge mwaka 2009. Nilikuwa na umri wa miaka sita, na ninachokumbuka zaidi katika safari ile ni bahasha ya plastiki ambayo mama yangu mdogo hakuiachia hata aliposinzia. Ndani yake kulikuwa na cheti cha mafunzo ya kompyuta alichokipata Mpanda, Tanzania. Baada ya wiki chache alikipeleka kwenye ofisi moja kuomba kazi ya ukarani. Karani aliyempokea alikigeuza mbele na nyuma, kisha akamwuliza: "Hii ni A ngapi?"

Mama mdogo hakuwa na jibu, kwa kuwa cheti chake hakikuwa na A yoyote. Katika insha hii najaribu kulijibu swali lile kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba vyeti vya ufundi wa kompyuta, ingawa ni vitu vya juzi, vinabeba mpaka wa kikoloni uliochorwa kabla ya kompyuta kuwapo.

Tuanze na mpaka wenyewe. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Wakati huo Rumonge na Kigoma zilikuwa chini ya serikali moja, na Kiswahili kilitumika katika shughuli zake. Karani aliyejua kuandika Kiswahili aliweza kufanya kazi upande wowote wa ziwa. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia, na baada ya vita Uingereza ikapewa Tanganyika, Ubelgiji ikapewa Ruanda-Urundi. Kila mtawala alileta shule zake, na pamoja na shule, namna yake ya kuvipa vyeti majina. A1, A2 na A3 ni ngazi za elimu ya ufundi zilizotoka Ubelgiji. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Uvira, ng'ambo ya Kongo, akisikia "A2" anajua mara moja kwamba ni diploma ya sekondari ya ufundi. Mtu wa Kigoma hajui, ingawa mawese na ndagala vimevuka ziwa hili miaka yote bila kuulizwa daraja.

Kwa watu wa pwani yetu, cheti kina jeraha jingine. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua Watutsi wengi. Serikali ilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima kwa miezi kadhaa, na waliosoma waliandamwa zaidi: walimu, makarani, wanafunzi. Bibi yangu, aliyekimbilia Tanzania mwaka ule, alikuwa akisema kalamu ndiyo iliyowaponza. Familia yetu iliishia Mishamo, moja ya makazi matatu makubwa ya wakimbizi wa 1972, pamoja na Katumba na Ulyankulu. Huko watoto walisoma kwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, na polepole woga wa kalamu ukapungua. Bahasha ya mama mdogo ilikuwa na uzito huo pia: ndiye wa kwanza nyumbani kwetu aliyethubutu kuwa na cheti.

Tanzania yenyewe haikuanza na kompyuta mapema. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ikadumu kwa miaka mingi. Mlango ulipofunguliwa, mafunzo yalihitaji utaratibu. Sheria ya mwaka 1994 ilianzisha VETA kwa ufundi stadi, na sheria ya 1997 ikaanzisha NACTE, ambayo tangu 2021 inaitwa NACTVET. Vyuo vya kati vikawekewa ngazi zinazojulikana kama NTA, kuanzia cheti hadi stashahada na zaidi.

Hapa tofauti si ya majina tu. Mwaka 1986 Uingereza ilianzisha sifa za kitaifa za ufundi zilizojulikana kama NVQ. Wazo lake lilikuwa kwamba cheti kiseme mwenye nacho anaweza kufanya nini, si amekaa darasani miaka mingapi. Wazo hilo lilisambaa nchi nyingi, na ngazi za NTA nazo zimejengwa juu ya umahiri. Herufi na namba ya A2 inaeleza kwanza ngazi ya shule uliyomaliza. Kwa hiyo karani wa Rumonge aliuliza kuhusu ngazi, na karatasi iliyokuwa mbele yake ilijibu kuhusu kazi: kuandika barua, kupanga jedwali, kutunza mafaili. Kila mmoja alisema lugha yake.

Simlaumu karani kwa kila kitu. Mwajiri lazima ajue anayemwajiri, na mafunzo ya miezi michache hayalingani na miaka ya sekondari ya ufundi. Lakini hakuna aliyemkalisha mama mdogo mbele ya kompyuta dakika kumi aone anachoweza. Alifungua kibanda cha kuchapa na kurudufu karibu na soko. Wateja wake, wengine wakiwa wanaleta barua za ofisi zilezile, hawakumwuliza A ngapi.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Mwaka 2015 ukapatikana mfumo wa Afrika Mashariki wa kulinganisha sifa za elimu ya juu. Hizi ni hatua kubwa, ila mimi wa chuo kikuu ndiye niliyefikiriwa kwanza. Fundi kompyuta wa miaka kumi na tisa kutoka Rumonge amebaki nyuma yangu kwenye foleni.

Naandika haya kwa sababu mdogo wangu anamaliza A2 ya informatiki. Anajua kufungua mashine na kubadilisha diski, kuunganisha mtandao wa ofisi, kuandika programu ndogo. Anataka kwenda Kigoma kutafuta kazi. Nimeshaanza kulisikia swali atakaloulizwa huko: "Hii ni NTA ngapi?"

Tumekubaliana asisubiri mawaziri. Ataomba shule yake imwandikie, kwa Kiswahili, orodha ya kazi anazoweza kuzifanya kwa mikono yake, na aiambatanishe na diploma. Ulinganisho rasmi wa vyeti ni kazi ya serikali, na sisi wanafunzi tuudai. Lakini lugha ya kuuandikia ilikuwapo katika pande zote mbili za ziwa kabla ya A2 na kabla ya NTA. Mama mdogo amempa ile bahasha ya plastiki. Cheti cha Mpanda bado kimo ndani, amesema kisitolewe.