Amri na Tuta: Historia Fupi ya Kanuni za Kuhifadhi Udongo katika Uluguru na Machakos

Utangulizi

Watu waishio milimani hawakungoja ukoloni ili wajue kwamba maji ya mvua huiba udongo. Kila mahali ambapo watu wamelima mteremko kwa muda mrefu, wamejiwekea kanuni: mahali pa kulima na mahali pa kuacha, namna ya kulaza nyasi, njia ya kuyaongoza maji hadi bondeni. Hata hivyo, vitabu vingi vinavyosimulia vita dhidi ya mmomonyoko katika Afrika ya Mashariki huanza katika miaka ya 1930, kana kwamba hapo kabla mlima haukuwa na sheria. Makala haya yanakusudia kulinganisha nchi mbili za milima, Uluguru katika Tanganyika na Machakos katika Kenya, ili kuonyesha jambo moja: tuta lile lile lililokataliwa kwa nguvu lilipokuwa amri, lilikubaliwa kwa hiari lilipokuwa kanuni ya mchimbaji mwenyewe. Jambo hili lahusu pia milima ya Kivu, kama itakavyoonekana mwishoni.

1. Kanuni kabla ya amri

Mfano wa kwanza ni wa Wamatengo wa Mbinga, kusini-magharibi mwa Tanzania. Mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19 yaliwasukuma kwenye milima mikali, na huko wakaendeleza kilimo kiitwacho ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga juu ya mteremko katika miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba, hufunika nyasi kwa udongo huo, kisha hupanda maharage juu ya kingo; mahindi hufuata katika msimu mwingine. Hivyo shamba zima huwa kama sega la nyuki. Mvua inaponyesha, kila shimo hushika maji yake, udongo hutua ndani ya shimo badala ya kwenda mtoni, na nyasi zilizofunikwa huoza na kuirutubisha ardhi.

Hapa hakuna mlinzi wala faini. Kanuni imo ndani ya kazi yenyewe na katika mgawanyo wake kati ya mume na mke. Anayeharibu shimo huharibu maharage yake. Sifa hii yafaa kukumbukwa, kwa sababu ndiyo iliyokosekana katika kanuni zilizofuata.

2. Uluguru: tuta la kulazimishwa

Katika miaka ya 1930 serikali za kikoloni zilishikwa na hofu kubwa ya mmomonyoko. Habari za dhoruba za vumbi zilizoangamiza mashamba ya Marekani zilikuwa zimeenea, na maofisa wa kilimo wakaanza kuona jangwa katika kila kilima kilichokosa nyasi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, hofu hiyo iligeuka kuwa mipango mikubwa. Milima ya Uluguru, iliyo juu ya mji wa Morogoro, ilikuwa na umuhimu wa pekee, kwa maana ndiyo chanzo cha maji ya mto Ruvu unaoelekea pwani na kuunywesha mji wa Dar es Salaam.

Mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru ulianza kutekelezwa mwaka 1950. Waluguru waliamriwa wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao na waache kuchoma majani. Amri hizo zilipitia kwa machifu na wasaidizi wao, kwa kuwa Sheria ya Utawala wa Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa watawala hao uwezo wa kutoa amri na kuwashtaki wasiotii. Kwa hiyo, yule aliyepaswa kuwa msemaji wa watu mbele ya serikali aligeuka kuwa mwenye kuhesabu matuta yao.

Upinzani wa Waluguru haukutoka katika uvivu wala ujinga, kama ilivyodhaniwa na baadhi ya maofisa. Ulikuwa na sababu tatu zilizo wazi. Ya kwanza ni ya udongo wenyewe. Katika sehemu nyingi za milima ile udongo wa juu, ulio mzuri, ni mwembamba. Mtu akichimba ngazi pana, huufukia udongo huo na kuufunua ule wa chini usio na rutuba. Hatimaye mahindi hudumaa juu ya tuta lililomtoa jasho. Sababu ya pili ni kazi: siku za kuchimba ziliondolewa katika siku za kulima. Ya tatu ni haki ya ardhi. Miongoni mwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Wengi walilima viwanja vya kuazima katika ardhi ya ukoo mwingine. Kazi ya kudumu juu ya ardhi, hasa kupanda miti, inaweza kugeuka kuwa dai la umiliki. Nani basi atamruhusu mgeni ajenge ngazi za kudumu katika shamba la wajomba zake? Na mgeni naye, kwa nini ajichoshe kwa ajili ya shamba ambalo kesho litarudi kwa wenyewe?

Mnamo Julai 1955 hasira ilifumuka. Umati ulikusanyika Matombo kupinga mpango, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo serikali iliacha kulazimisha matuta. Jambo la kustaajabisha ni kwamba huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, matuta ya ngazi yaliendelea kutumika. Wakulima wa huko walipanda mboga za kuuza mijini, na mboga zililipa jasho la mchimbaji. Kwa hiyo Waluguru hawakuchukia tuta. Walichukia tuta lisilo na mavuno.

3. Machakos: kutoka amri hadi mwethya

Historia ya Machakos ilianza kwa ugomvi mkali zaidi. Wakamba walikuwa wamefungiwa katika eneo lao la hifadhi, vilima vya Mua vikiwa vimechukuliwa na walowezi, na nyanda za Yatta zikiwa zimetangazwa kuwa mali ya Serikali ya Kiingereza. Mifugo ilibanana katika nafasi iliyobaki, na udongo ukachukuliwa na maji. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa hifadhi ya udongo, aliandika taarifa iliyoieleza nchi ile kama nchi inayokufa. Dawa ya serikali ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kudai mifugo yao. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisimamishwa.

Baada ya vita ilikuja zamu ya mitaro, nayo ikaanza kwa kulazimisha. Ilikuwa hivyo pia kwa jirani zao wa Murang'a, ambako wanawake waliitwa kuchimba asubuhi mbili kila juma. Mkutano mkubwa wa Julai 1947 uliamua kwamba wanawake wasiende tena, na kazi ikadorora. Huko Machakos, hata hivyo, katika miaka ya 1950 mambo yalichukua njia nyingine. Kazi ya mitaro ilikabidhiwa vikundi vya mwethya, yaani ushirika wa zamani wa Wakamba wa kusaidiana kwa zamu. Wanakikundi walichagua viongozi wao wenyewe, mara nyingi wanawake, na walichimba leo kwa huyu na kesho kwa yule. Kila mmoja alijua kwamba zamu yake itafika.

Aina ya tuta nayo ilibadilika. Wakulima waliacha kingo nyembamba zilizopendekezwa mwanzoni, wakachagua namna ya kuchimba mtaro unaofuata usawa wa kilima na kuutupa udongo upande wa juu. Ukingo huo hupandwa majani ya kulisha mifugo. Mvua baada ya mvua, udongo ushukao huzuiwa nyuma ya ukingo, hata mteremko wenyewe hujisawazisha polepole na kuwa ngazi, bila udongo mzuri kufukiwa kwa siku moja. Zaidi ya hayo, Wakamba waliporuhusiwa kulima kahawa, kahawa hiyo ilitakiwa ipandwe juu ya ngazi. Tuta likawa mlango wa fedha.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 kazi ilipungua kwa muda, kwa kuwa mtaro ulikuwa bado unanuka ukoloni, lakini iliamka tena katika miaka ya 1970. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti wao juu ya Machakos, wakionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi mwisho wa miaka ya 1980 idadi ya watu iliongezeka karibu mara sita, ilhali mmomonyoko ulipungua. Nchi iliyotabiriwa kufa ilikuwa imejaa mashamba ya ngazi.

4. Amri iliyogeuka jina

Mwanaisimu hawezi kuiacha habari hii bila kutazama jina la tuta la Machakos. Wataalamu wa kilimo wa ulimwengu mzima huliita «fanya juu», nao huliandika hivyo hivyo kwa Kiswahili hata katika vitabu vya Kiingereza. Mwenzake, ambao udongo wake hutupwa upande wa chini, ni «fanya chini». Kwa sarufi, «fanya» ni kitenzi cha kuamrisha. Ni sauti ya msimamizi anayemwelekeza mchimbaji. Lakini kwa kurudiwa katika kazi, amri hiyo imepoteza mwamrishaji na kuwa nomino: watu husema wana fanya juu mashambani mwao, kama wasemavyo wana migomba.

Sheria zilizoandikwa hazikupata bahati hiyo. Kanuni za Kenya za mwaka 1965 juu ya matumizi ya ardhi zilikataza kulima bila kibali mteremko unaozidi 35 kwa mia, yaani unaopanda mita 35 katika kila mita 100 za ulalo, na zilidai kinga kwa mteremko ulio kati ya 12 na 35 kwa mia. Vipimo hivi vina maana, kwa sababu maji hukimbia kwa nguvu zaidi mlima ukiwa mkali. Lakini namba haielezi unene wa udongo, wala haitaji mwenye shamba, wala haimwambii mkulima atakula nini akiliacha.

Hitimisho

Katika milima ya Kivu na ya Ruanda-Urundi, Wabelgiji nao walichimbisha mitaro na kupandisha nyua za majani kwa amri. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilikuwa imekwisha kuwazoesha wanavijiji wa Kongo kazi za lazima zilizofikia siku 60 kwa mwaka. Baada ya Uhuru wa mwaka 1960, sehemu kubwa ya mitaro hiyo iliachwa ijae. Ilichimbwa kwa ajili ya mkaguzi, na mkaguzi alikuwa ameondoka.

Kisa cha mjomba na mgeni wa Uluguru kinajulikana pia huko Bushi, kwa majina mengine. Mwenye kalinzi ana haki ya kudumu juu ya shamba lake na huwarithisha watoto. Mwenye bwasa hulima kwa msimu tu, wala haruhusiwi kupanda mmea wa kudumu. Kumwamuru mtu wa bwasa apande ua wa majani na achimbe mtaro ni kumtaka atunze mali ya mwingine kwa njaa yake. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola, haikuliondoa tatizo hilo vijijini.

Mwezi wa Mei 2023 mvua kubwa iliteremsha maji, matope na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, na zaidi ya watu 400 walikufa. Hakuna tuta la mkulima litakalozuia kila mafuriko ya namna hiyo. Lakini msiba kama huo huamsha upesi wito wa kanuni mpya. Kabla ya kuziandika, wenye mamlaka wangefanya vema kuuliza maswali matatu ambayo historia ya Uluguru na Machakos imekwisha kuyajibu: ni nani atakayechimba, ni nani atakayevuna juu ya tuta, na ni nani atakayekuwa na shamba hilo tuta likiisha kukomaa. Ikiwa majibu ni watu watatu mbalimbali, tuta halitadumu hata misimu miwili.