Leicester City: Ushindi usiotarajiwa na hesabu zake

Usiku wa tarehe 2 Mei 2016, sare ya mabao 2-2 kati ya Chelsea na Tottenham Hotspur iliifanya Leicester City kuwa bingwa wa England kwa mara ya kwanza tangu klabu hiyo ilipoanzishwa mwaka 1884. Msimu ulipokuwa ukianza, kampuni za kamari ziliahidi pauni 5,000 kwa kila pauni moja ambayo mtu angeiweka juu ya ubingwa wake.

Miaka saba baadaye, tarehe 28 Mei 2023, klabu hiyohiyo ilishuka daraja, huku mishahara yake ikiwa imeyapita mapato yake yote. Je, fedha za ushindi huo zilitoka wapi, na zilikwenda wapi?

Klabu iliyokwisha kufilisika

Leicester ni mji wa katikati mwa England. Kwa watu wa Afrika Mashariki jina lake si geni: Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka 1972, maelfu kati yao walihamia huko, ingawa baraza la mji lilikuwa limetangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende.

Klabu ya mji huo ilionja uchungu wa madeni mapema. Mwaka 2002 ilishuka kutoka Ligi Kuu, ikahamia katika uwanja mpya uliogharimu takriban pauni milioni 37, na mwezi Oktoba mwaka huohuo ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Kundi la wafadhili lililoongozwa na mchezaji wake wa zamani, Gary Lineker, ndilo lililoiokoa mwaka 2003. Hata hivyo, kufikia mwaka 2008 ilikuwa imeporomoka hadi daraja la tatu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia yake.

Mwaka 2010 klabu ilinunuliwa na kundi la wawekezaji kutoka Thailand lililoongozwa na Vichai Srivaddhanaprabha, mwanzilishi wa King Power, kampuni ya maduka yanayowauzia wasafiri bidhaa zisizotozwa ushuru. Mmiliki huyo aliikopesha klabu fedha nyingi, kisha mwaka 2013 zaidi ya pauni milioni 100 za deni hilo zikageuzwa kuwa hisa. Kwa maneno mengine, deni lilifutwa, na klabu ikapanda Ligi Kuu mwaka 2014 bila mzigo huo.

Ubingwa wa bei nafuu

Kikosi kilichotwaa ubingwa chini ya kocha Claudio Ranieri hakikuwa cha gharama kubwa. Jamie Vardy alinunuliwa mwaka 2012 kwa takriban pauni milioni 1 kutoka Fleetwood Town, klabu ambayo wakati huo haikuwa hata katika madaraja manne ya juu. Riyad Mahrez wa Algeria alitoka Le Havre ya Ufaransa kwa chini ya pauni nusu milioni, na mwaka 2016 akawa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa mwaka nchini England. N'Golo Kanté alinunuliwa kutoka Caen kwa takriban pauni milioni 5.6.

Mishahara ya klabu nzima katika msimu huo wa 2015-16 ilikuwa takriban pauni milioni 80. Manchester United na Chelsea kila moja ililipa zaidi ya pauni milioni 200. Leicester ilimaliza msimu ikiwa na pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal iliyoshika nafasi ya pili, na ikapata faida ya pauni milioni 16.

Televisheni ndiyo mlipaji mkuu

Klabu ya soka hupata fedha kwa njia kuu tatu: viingilio, biashara pamoja na udhamini, na haki za matangazo ya televisheni. Kwa klabu yenye uwanja wa watu takriban 32,000, njia ya tatu ndiyo tegemeo. Katika msimu wa ubingwa mapato ya Leicester yalikuwa karibu pauni milioni 129, na karibu robo tatu ya fedha hizo ilitoka kwenye televisheni.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba bingwa hakupata fungu kubwa kuliko wote. Leicester ililipwa na Ligi Kuu takriban pauni milioni 93, ilhali Arsenal ilipata karibu milioni 101. Sababu ni utaratibu wa mgawo uliotumika wakati huo. Nusu ya fedha za matangazo ya ndani ya nchi iligawanywa sawasawa, robo ilifuata nafasi ya klabu katika msimamo, na robo nyingine ilifuata idadi ya mechi zake zilizoonyeshwa moja kwa moja. Vituo vya televisheni huchagua klabu zenye mashabiki wengi, na walipopanga mechi za mwanzo wa msimu, Leicester haikuwa miongoni mwa zilizotazamiwa.

Mavuno makubwa yalikuja mwaka uliofuata. Mkataba mpya wa televisheni ulianza, klabu ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, na Kanté akauzwa kwa Chelsea kwa zaidi ya pauni milioni 30. Mapato ya msimu wa 2016-17 yalipanda hadi pauni milioni 233, na faida kabla ya kodi ikawa milioni 92.5. Uwanjani mambo yalikuwa tofauti: Ranieri alifutwa kazi Februari 2017, klabu ikiwa karibu na eneo la kushuka daraja.

Kununua kwa bei ndogo, kuuza kwa bei kubwa

Kwa miaka kadhaa klabu iliishi kwa busara ya mfanyabiashara wa sokoni. Mahrez aliuzwa kwa Manchester City mwaka 2018 kwa pauni milioni 60. Harry Maguire, aliyenunuliwa kutoka Hull mwaka 2017, aliuzwa kwa Manchester United miaka miwili baadaye kwa milioni 80. Fedha za mchezaji mmoja zilinunua wengine watatu au wanne.

Oktoba 2018 Vichai na watu wengine wanne walikufa katika ajali ya helikopta nje ya uwanja wa klabu, na mwanawe Aiyawatt akashika uongozi. Klabu iliendelea kupanda. Ilishika nafasi ya tano mara mbili mfululizo, mwaka 2020 na 2021, ikafungua kituo cha mazoezi huko Seagrave kilichogharimu karibu pauni milioni 100, na Mei 2021 ikatwaa Kombe la FA kwa mara ya kwanza kwa kuifunga Chelsea bao 1-0.

Matumizi yaliyotangulia mapato

Hapo ndipo hesabu zilipoharibika. Ili kushindana na matajiri, klabu iliwalipa wachezaji mishahara ya klabu inayocheza Ligi ya Mabingwa, lakini nafasi ya tano haikuifikisha huko. Fedha zilitumika kabla hazijapatikana.

Janga la Covid-19 liliongeza pigo. Viwanja vilifungwa, na safari za ndege ziliposimama, biashara ya King Power nayo ilidorora. Mfadhili na aliyefadhiliwa waliugua kwa wakati mmoja. Aidha, baadhi ya wachezaji, akiwemo Youri Tielemans aliyefunga bao la fainali ya kombe, waliachwa hadi mikataba yao ikaisha, wakaondoka bila klabu kupata hata senti.

Msimu wa 2021-22 ulileta hasara ya pauni milioni 92.5, kiasi kilekile cha faida ya miaka mitano kabla. Msimu uliofuata mapato yalikuwa milioni 177 na mishahara milioni 206. Hiyo ina maana kwamba kwa kila pauni 100 iliyoingia, 116 zilitoka kwa mishahara pekee, kabla ya kulipia safari, umeme, au ada za uhamisho. Februari 2023 mmiliki aligeuza tena mkopo wa pauni milioni 194 kuwa hisa, lakini hilo halikuzuia klabu kushuka daraja miezi mitatu baadaye.

Ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa bingwa wa daraja la pili, ikashuka tena mwaka 2025. Katika kipindi hicho iliandamwa na kesi kuhusu kanuni zinazoweka ukomo wa hasara, ambao kwa klabu ya Ligi Kuu ulikuwa pauni milioni 105 katika miaka mitatu.

Mafunzo

Ushindi usiotarajiwa huleta fedha za msimu mmoja au miwili, lakini mikataba ya wachezaji hudumu miaka minne au mitano. Klabu ikikisia kwamba mavuno ya mwaka mwema yatarudi kila mwaka, mishahara hubaki juu hata mapato yanaposhuka. Leicester ilifanikiwa ilipotafuta wachezaji ambao wengine hawakuwaona, na ikaingia matatani ilipojaribu kuwapiku matajiri kwa kulipa kama wao. Kombe la mwaka 2016 halitafutika. Bili za miaka iliyofuata zililipwa kwa kushuka daraja mara mbili.