Waliokosa notisi za VAT Thika na Ruiru wana nafasi ya kusikizwa, ila finyu

MFANYABIASHARA wa Thika au Ruiru anayegundua kuwa benki imeagizwa kukata pesa zake kulipia deni la ushuru asilolijua hajapoteza kila kitu. Sheria inamruhusu kuomba kusikizwa hata muda ukiwa umepita. Hata hivyo, nafasi hiyo ni finyu, na anayeitaka sharti aje na ushahidi.

Mara nyingi mambo huanza kwa biashara ya kawaida. Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika amemuuzia mwanakandarasi wa Ruiru saruji na mabati ya Sh1 milioni. Anamtoza ushuru wa ziada ya thamani, VAT, wa asilimia 16, yaani Sh160,000. Mwanakandarasi anadai kupunguziwa kiasi hicho katika ripoti yake ya mwezi, lakini muuzaji hakukitaja katika yake. Mitambo ya Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, hulinganisha ripoti hizo, na tofauti ikijitokeza mmojawapo hutumiwa notisi ya kudaiwa.

Swali ni notisi hiyo inatumwa wapi. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinakubali notisi ikabidhiwe mhusika au mwakilishi wake, iachwe au ipelekwe kwa posta ya rejista mahali pake pa biashara au makazi panapojulikana, au itumwe kwa njia ya elektroniki. Siku hizi hiyo ya mwisho ndiyo iliyozoeleka. Wenye maduka wengi, kusema kweli, walifunguliwa akaunti ya iTax na kijana wa saiba au na mhasibu aliyekwisha kuacha kazi, na anwani ya barua pepe iliyoandikwa humo si yao. Barua inafika, lakini mwenyewe haioni.

Sheria hiyo humpa mlipa ushuru siku 30 za kuwasilisha pingamizi tangu alipojulishwa uamuzi wa KRA. Pingamizi lazima litaje sababu zake waziwazi, liambatanishwe na stakabadhi, na sehemu ya ushuru isiyobishaniwa iwe imelipwa au kufanyiwa mpango wa kulipwa. KRA ikilikataa, mhusika ana siku 30 nyingine za kukata rufaa katika Jopo la Rufaa za Ushuru lililoko Nairobi, kiasi cha kilomita 40 kutoka Thika. Ada ya rufaa ni Sh20,000 na hairudishwi.

Hapa pana tofauti ambayo wengi huipuuza. Kusema kwamba notisi haikufika kamwe ni hoja moja, na kusema ilifika lakini mhusika alizuiwa na jambo fulani ni hoja nyingine. Kwa hoja ya kwanza, siku hazikuanza kuhesabiwa, na KRA hutarajiwa kuonyesha ilituma nini, lini na kwa anwani ipi. Kwa hoja ya pili, siku zilikwisha, na kinachoombwa ni huruma ya sheria. Anayezichanganya hoja hizi katika kiapo kimoja bila mpangilio hujikuta akijipinga mwenyewe.

Sababu za kuongezewa muda zimetajwa katika sheria zote mbili, ile ya 2015 na ile ya Jopo ya mwaka 2013. Nazo ni kutokuwepo nchini, ugonjwa, au sababu nyingine ya kuridhisha. Ombi la kuchelewesha pingamizi hupelekwa kwa KRA yenyewe kwanza, nalo la kuchelewesha rufaa hupelekwa kwa Jopo. KRA ikikataa kuongeza muda, kukataa huko nako kunaweza kukatiwa rufaa.

Vigezo vingine vimetoka kortini. Mwaka 2014, katika kesi ya uchaguzi ya Nicholas Salat, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa kuongezewa muda si haki ya mtu bali ni hisani ya mahakama, na kwamba mwombaji lazima aeleze kucheleweshwa kwake hadi mahakama iridhike. Huangaliwa pia iwapo upande wa pili utaumia na iwapo ombi lenyewe lililetwa bila kukawia. Rufaa yenyewe nayo hupimwa, kwani hakuna faida ya kumfungulia mlango asiye na hoja.

Cheti cha hospitali chenye tarehe zinazolingana na siku zilizopotea kina uzito. Pasipoti yenye mihuri ya uhamiaji pia ina uzito. Lakini kusema tu kwamba mhasibu hakuniambia ni hoja dhaifu, hasa ikiwa mwenye biashara hakuuliza lolote kwa miezi mingi. Sheria inamtaka mlipa ushuru kuijulisha KRA mabadiliko ya anwani yake ndani ya siku 30, kwa hiyo barua pepe ya zamani inaweza kumgeukia yeye mwenyewe.

Aliyekosa notisi ya kusikizwa kwa kesi, akaamuliwa bila kuwepo, anaweza kuomba uamuzi huo utenguliwe. Kielelezo ni cha zamani, kesi ya Shah dhidi ya Mbogo ya mwaka 1967. Mahakama humsaidia aliyepatwa na ajali au kosa la kusameheka, wala si aliyekusudia kuchelewesha haki.

Wapo wanaokimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja wakitaja kifungu cha 47 cha Katiba kuhusu haki katika utendaji wa serikali. Wengi hurudishwa, kwa kuwa Sheria ya mwaka 2015 ya Utendaji wa Haki inataka njia zilizowekwa zitumiwe kwanza, isipokuwa pakiwa na hali isiyo ya kawaida. Isitoshe, Mahakama Kuu inaposikiliza rufaa kutoka kwa Jopo hushughulikia masuala ya kisheria pekee, kwa hiyo stakabadhi ambazo hazikuwasilishwa mapema huwa zimechelewa.

KRA nayo ina saa yake. Baada ya kupokea pingamizi halali ina siku 60 za kutoa uamuzi, na zikipita bila uamuzi, pingamizi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Ndiyo maana tarehe ya kupokelewa kwa pingamizi ni ya kuhifadhiwa kwa makini kama risiti.

Waagizaji wa bidhaa kutoka nje, ambao hawakosekani katika viwanda vya Thika, wana hesabu tofauti. Mizozo ya forodha huongozwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Ombi la kurejelewa kwa uamuzi hutolewa ndani ya siku 30, na rufaa kwa Jopo ndani ya siku 45 baada ya kukabidhiwa uamuzi huo.